Kreni ya magogo yenye kompyuta: Nani anafaidika zaidi, mzoefu au mwanagenzi?

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni kwamba anayejua kulima atalima kwa jembe lolote atakalopewa, na asiyejua, hata umpe jembe jipya la dukani, atatafuta kisingizio. Methali hii tumeirithi, na tumeitumia kuwakemea wavivu miaka nenda miaka rudi. Lakini siku hizi yapo majembe ambayo yenyewe humsaidia mkulima kulima. Hapo ndipo swali linapoanza: jembe likishajua sehemu ya kazi, thamani ya mkulima mzoefu inabaki wapi?

Swali hili si la kubuni. Katika misitu ya Sweden na Finland limekuwa likiulizwa, na kupimwa kwa saa, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, tangu mitambo ya kusomba magogo ilipoanza kuuzwa ikiwa na kreni zinazosaidiwa na kompyuta. Watengenezaji wanasema kreni hizo zinaongeza kazi inayofanyika kwa siku. Waendeshaji wengine wanazisifu, wengine wanazima mfumo huo na kurudi kwenye mtindo wa zamani. Watafiti nao wameingia katikati na vipimo vyao.

Sisi tunaoishi mpakani tunayaona malori ya mbao yakipita Kobero yakitokea Tanzania, na tunanunua mbao za libuyu zinazotoka Kongo. Kwa nini tujali kreni ya Sweden? Kwa sababu mbao hizo zina bei, na ndani ya bei hiyo mna jasho la mtu aliyelitoa gogo porini na kulipandisha kwenye gari. Tena wapo vijana wetu, wengi wao watoto wa waliorudi kutoka uhamishoni, ambao hawana shamba la kutosha na wanatafuta ufundi wa kuwalisha. Uendeshaji wa mitambo ni mmoja wa ufundi huo. Ni vyema tukajua unakoelekea.

Kazi yenyewe ikoje

Katika nchi za Nordic miti huvunwa kwa mitambo miwili inayofuatana. Wa kwanza hukata mti, huupogoa matawi na kuukatakata vipande vya urefu unaotakiwa palepale msituni. Wa pili, ambao ndio tunaouzungumzia, hupita nyuma yake na kuokota vipande hivyo kwa kreni, huvipanga mgongoni mwake kama trela, kisha huvipeleka hadi kando ya barabara ambako lori litavikuta. Mtambo huu una matairi sita au manane, una kiungo katikati unaouwezesha kujipinda kati ya visiki, na mikubwa yake hubeba karibu tani 20 kwa safari moja.

Kreni yake ni kama mkono. Inalo bega linalozunguka, lina mkono wa juu, kiwiko, mkono wa mbele, na kipande cha ndani kinachochomoza ili kurefusha mkono huo. Mwishoni kuna kifundo kinachozunguka na kucha kubwa za chuma zinazokamata magogo. Kila sehemu inasukumwa na jeki yake au mota yake ya haidroliki. Kwa hiyo opereta ana mambo sita ya kuamuru: kuzungusha kreni nzima, kuinua mkono wa juu, kukunja au kukunjua mkono wa mbele, kuchomoza kile kipande cha ndani, kuzungusha kucha, na kuzifungua au kuzifunga.

Yote hayo anayafanya kwa leva mbili ndogo, moja kila mkono, pamoja na vitufe vyake. Sehemu kubwa ya siku yake, zaidi ya nusu ya muda wa kazi, haitumiki kuendesha mtambo kutoka mahali kwenda mahali. Inatumika kwenye kreni, kupakia na kupakua. Ndiyo maana mtu anayetaka kuongeza kazi ya mtambo huu huanza kuitazama kreni kabla ya injini.

Kwa nini ilikuwa vigumu kujifunza

Hebu ndugu msomaji uchukue kikombe cha chai kilicho mezani ukipeleke mdomoni. Hukuwaza bega lipande kiasi gani, wala kiwiko kikunjwe nyuzi ngapi. Uliwaza kikombe na mdomo tu, na mwili ukamaliza hesabu iliyobaki. Sasa fikiria ungelazimika kuliamuru bega peke yake, kiwiko peke yake na kifundo peke yake, vyote kwa wakati mmoja, na kwa vipimo vinavyolingana. Chai ingemwagika siku nyingi kabla hujaizoea kazi hiyo.

Hivyo ndivyo kreni ya kawaida ilivyo. Ukitaka kucha ziende mbele moja kwa moja juu ya ardhi bila kupanda wala kushuka, huna leva ya "mbele". Lazima ukunjue mkono wa mbele huku ukiteremsha mkono wa juu kwa kadiri inayolingana, na pengine uchomoze kile kipande cha ndani. Ukikosea kidogo, kucha zinachimba ardhi au zinapaa juu ya gogo ulilokusudia kulishika.

Mzoefu hafikirii tena. Mikono yake inajua, kama mikono ya mshonaji inavyoujua mguu wa cherehani. Lakini kufika hapo kunagharimu. Uchunguzi uliofanyika Ujerumani na nchi za Nordic kuhusu mitambo ya misitu umeonyesha tena na tena kwamba waendeshaji wawili, wakipewa mtambo wa aina moja katika msitu unaofanana, wanaweza kutofautiana sana kwa kazi wanayoifanya kwa saa, na kwamba mgeni huendelea kupanda kwa miezi mingi kabla hajafikia kiwango cha kawaida. Katika miezi hiyo yote mtambo wenye thamani ya mamia ya maelfu ya euro unakula mafuta na kudaiwa na benki, huku ukifanya kazi nusunusu.

Kompyuta inafanya nini hasa

Wazo la kuirahisisha kreni hii halikuanza jana. Watafiti wa Sweden walilifanyia kazi kwa miaka mingi. Mwaka 2009, katika chuo kikuu cha KTH mjini Stockholm, Björn Löfgren aliwasilisha tasnifu ya udaktari kuhusu namna ya kuiongoza kreni ya aina hii kwa kuangalia ncha yake, na namna ya kuifanya ifuate njia yenyewe. Mwaka 2013 kampuni ya John Deere, ambayo kiwanda chake cha mitambo ya misitu kiko Joensuu nchini Finland, ilitoa mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya mitambo ya kusomba magogo. Baadaye watengenezaji wengine, wakiwemo Ponsse wa Vieremä, pia nchini Finland, wakatoa ya kwao.

Kimsingi mfumo unafanya hivi. Kwenye viungo vya kreni huwekwa sensa zinazoiarifu kompyuta mkono uko wapi na umekunjika kiasi gani. Opereta haamuru tena jeki moja moja. Anaamuru ncha: nenda mbele, rudi, panda, shuka. Kompyuta inapiga hesabu papo hapo na kuigawia kila jeki mafuta ya kadiri yake, hata kile kipande cha ndani kinachomoza chenyewe kinapohitajika. Leva moja inapeleka kucha mbali au karibu, nyingine inazipandisha au kuzishusha. Aidha, kompyuta inapunguza mwendo jeki inapokaribia mwisho wake, ili kreni isigonge na kutikisa mtambo mzima.

Tusichanganye mambo hapa. Kreni hii haijiendeshi. Haioni gogo, haichagui, haijui lipi ni la mbao na lipi ni la karatasi. Mwenye macho bado ni opereta. Tofauti yake na ile ya zamani ni kama tofauti ya gari la gia za mkono na gari la otomatiki, ambayo wafanyabiashara wetu wanaoagiza magari ya mtumba kupitia bandari ya Dar es Salaam wanaifahamu vizuri. Otomatiki haikwambii upite njia ipi. Inakuondolea kanyagio moja ili uangalie barabara.

Vipimo vinasema nini

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: je, kazi inaongezeka? Jibu ni ndiyo, lakini si kwa watu wote sawasawa.

Kwa wanagenzi, majaribio mengi yamefanyika kwenye vifaa vya kuigiza, yaani chumba chenye kiti, leva na skrini ambako mwanafunzi anaendesha kreni isiyokuwepo. Hata akiliangusha gogo hakuna hasara. Huko imeonekana kwamba anayeanza na kreni ya kuongoza ncha anaelewa haraka zaidi, anakosea mara chache, na anafanya kazi nyingi kuliko mwenzake aliyeanza na kreni ya kawaida. Hili halishangazi. Tumemwondolea ile hesabu ya bega na kiwiko, akabaki na kikombe na mdomo.

Kwa wazoefu mambo ni tofauti. Mwaka 2019 jarida la sayansi ya misitu la Finland, Silva Fennica, lilichapisha utafiti wa Sweden uliolinganisha mifumo hii miwili kwa kutumia kumbukumbu zilizorekodiwa na mitambo yenyewe ikiwa kazini msituni, wala si kwenye skrini. Muda wa kutumia kreni ulipungua, lakini upungufu wenyewe ulikuwa wa asilimia chache tu. Mtu ambaye mikono yake ilikwisha kuizoea hesabu, kompyuta haikumwongezea kikubwa.

Zaidi ya hapo, mzoefu anaanza kwa kurudi nyuma. Mikono iliyozoea miaka kumi kuteremsha mkono wa juu kila inapokunjua wa mbele inaendelea kufanya hivyo, na sasa kreni inafanya jambo lisilotarajiwa. Kusahau mazoea ni kazi ngumu kuliko kujifunza. Ndiyo sababu baadhi yao, baada ya siku chache za kukereka, hubonyeza kitufe na kuuzima mfumo. Wanaovumilia ndio wanaokuja kusema kwamba hawarudi tena kwenye ile ya zamani.

Mimi ni mwalimu, na jambo hili nimelikuta darasani kwa sura nyingine. Nilisoma katika shule ya kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, ambako kitabu kimoja kiliangaliwa na wanafunzi wengi kwa pamoja. Vitabu vilipoongezeka, wale wachache waliokuwa wakiongoza hawakubadilika sana, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujizoesha kukariri ubaoni. Walioruka ni wale wa katikati na wa nyuma. Darasa zima likapanda, ingawa kileleni watu walikuwa walewale. Kreni yenye kompyuta inafanya kitu kama hicho: inainua sakafu kuliko inavyoinua dari.

Hesabu kidogo

Wafanyabiashara wanapenda hesabu, basi na tuipige. Tarakimu zifuatazo ni za mfano ili tuelewane, si za kampuni yoyote.

Tuseme katika kila saa moja ya kazi, dakika 36 ni za kreni na dakika 24 ni za mwendo na mengineyo. Mzoefu akipunguza asilimia 5 ya muda wa kreni, ameokoa dakika 1 na sekunde 48 kwa saa. Kwa siku ya saa 8 hizo ni kama dakika 14. Ikiwa safari moja ya kujaza na kumwaga mzigo inachukua dakika 45, amepata karibu safari moja ya ziada kila baada ya siku tatu. Ni kidogo, lakini mwenye mtambo hawezi kuidharau, kwa kuwa mkopo na mshahara havingoji.

Mwanagenzi naye tuseme amepunguza robo ya muda wake wa kreni. Ameokoa dakika 9 kwa saa, sawa na dakika 72 kwa siku. Yeye huhesabu safari ya ziada kila siku moja, na dakika zinabaki. Kwa mwenye kampuni anayeajiri vijana wapya kila mwaka, faida iko hapa, si kwa yule mzee aliyekwisha kuiva.

Lakini angalia pia kile ambacho hesabu hii haikugusa. Zile dakika 24 za mwendo zimebaki vilevile. Opereta aliyepanga njia yake vizuri, asiyerudi mara mbili mahali pamoja, anayesimama pale ambapo kucha zinafikia mafungu matatu badala ya moja, anaokoa muda ambao hakuna sensa iliyomsaidia kuuokoa. Hali kadhalika anayejua kwamba ardhi ile ya bondeni itazama baada ya mvua, au kwamba mzigo uliopangwa vibaya utaelemea upande mmoja kwenye mteremko. Huo ndio uzoefu wa kweli, na bado haujawekwa kwenye kompyuta. Kwa hiyo mkulima wa kwenye methali yetu hajafukuzwa shambani. Kilichopungua ni ile sehemu ya sifa yake iliyotokana na wepesi wa vidole.

Shingo na mabega

Kuna upande mwingine ambao hauonekani kwenye hesabu ya safari. Mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima, akisogeza leva maelfu ya mara kwa msogeo mdogo uleule, mwili wake unachakaa. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 nchi za Nordic ziliandika mengi kuhusu maumivu ya shingo na mabega ya waendeshaji wa mitambo ya misitu. Msitu ulikuwa umeacha kuwavunja watu miguu kwa miti inayoanguka, ukaanza kuwachosha polepole wakiwa wamekaa.

Kreni inayohitaji amri chache na isiyotikisa mtambo inapunguza mzigo huo, na akili nayo inapumzika. Opereta aliyechoka saa tisa alasiri hafanyi kazi sawa na ya asubuhi. Kwa hiyo hata pale faida ya muda inapokuwa ndogo, huenda faida ikaja kwa njia ya mtu anayeweza kudumu kazini hadi uzeeni bila kupelekwa hospitali. Ni jambo la kutiliwa maanani na yeyote anayeajiri watu, awe na mtambo au asiwe nao.

Hata hivyo mtambo unaojua mkono wa kreni uko wapi kila nukta unajua pia opereta amepumzika mara ngapi. Kumbukumbu zilezile zinazowasaidia watafiti zinaweza kumsaidia mwajiri kumbana mfanyakazi. Katika nchi zenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, mambo kama hayo huwekwa mezani. Teknolojia hiyo ikifika mahali pasipo na chama, itabidi mfanyakazi ajue kwanza ni nini kinachorekodiwa juu yake.

Na sisi huku je?

Tusijidanganye. Mitambo ya namna hii haitajaa kesho kwenye vilima vyetu. Ni ghali, inataka msitu mkubwa wa miti iliyolingana, na inataka fundi na vipuri karibu. Huku nguvu ya mtu bado ni rahisi kuliko chuma. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kwenye shamba la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi, ambalo ni kubwa kuliko yote ya serikali nchini humo, na katika mashamba ya watu binafsi ya Mafinga na Njombe, miti mingi huangushwa kwa msumeno wa mnyororo, magogo husukumwa na vijana, na kupasuliwa kwa mashine ndogo ambazo wenyewe wanaziita "ding dong".

Hebu tupime kazi hiyo. Gogo bichi la mpaini lenye urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 25 lina ujazo wa karibu lita 147. Uzito wake haupungui kilo 100. Vijana wanalibingirisha juu ya miti miwili iliyoegemezwa kwenye lori, na likiteleza halina breki. Anayevunjika mguu siku hiyo mara nyingi hana bima wala mkataba. Kwa hiyo tunaposema nguvu ya mtu ni rahisi, maana yake ni kwamba gharama nyingine haikuandikwa kwenye daftari la mfanyabiashara. Imeandikwa nyumbani kwa mpakiaji.

Hapa kuna mvutano ambao hauwezi kufichwa. Lori moja lenye kreni ndogo nyuma ya kibanda cha dereva linaweza kufanya kazi ya kundi zima la wapakiaji. Nchi za Nordic zilipita njia hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, misitu yao ilikuwa imejaa wanaume wenye shoka, misumeno na farasi. Ukaja msumeno wa mnyororo, yakaja matrekta, na kuanzia miaka ya 1980 ukaenea mtambo mmoja unaokata, kupogoa na kupima. Ajali zilipungua sana. Wafanyakazi nao walipungua sana. Wengi walipata kazi viwandani na mijini, kwa sababu viwanda na miji vilikuwepo. Kijana wa Ngara au wa Muyinga anayepoteza kazi ya kupakia hana kiwanda kinachomsubiri ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo si busara kuomba mitambo ije haraka, wala si busara kufumba macho. Kreni za malori tayari zipo katika kanda yetu, bandarini na kwenye kampuni kubwa, na vijiko vya kuchimbia barabara vipo karibu kila wilaya. Kijiko nacho kina mkono, kiwiko na kifundo, na leva mbili. Anayejifunza kijiko leo amejifunza nusu ya kreni ya magogo, na hata ya bandarini. Na kadiri kompyuta zinavyoingia kwenye mitambo hiyo, ule muda mrefu wa kumsubiri kijana aive unafupika. Hiyo ni habari njema kwa mtu aliyechelewa kuanza, kama walivyochelewa wengi waliokulia kambini.

Lakini pia ni onyo. Ufundi unaojifunzwa kwa wiki chache haulipi sana kwa muda mrefu, kwa kuwa kila mtu anaweza kuujua. Atakayelipwa vizuri ni yule anayeongeza kitu ambacho mashine haikumpa: anayejua kwa nini jeki inavuja, anayesoma ramani na kitabu cha mtambo, anayepiga hesabu ya mafuta na mizigo, anayeweza kuitengeneza sensa iliyokufa badala ya kusubiri fundi kutoka mbali. Pale Sweden, mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya mtambo usio na dereva uliookota magogo wenyewe. Bado ni majaribio, ila yanaonyesha mwelekeo. Mwenye vidole vyepesi tu ajiandae.

Kipi kifanyike

Kwa wazazi na vijana, ushauri wangu ni kutokimbilia cheti cha uendeshaji peke yake. Ukienda kujifunza kijiko au kreni, uliza kama wanafundisha pia haidroliki na umeme wa mitambo. Kanda hii ina mahali pa kuanzia. Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi kipo. Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichopata msaada kupitia programu ya Panda Miti Kibiashara, ambayo serikali za Tanzania na Finland ziliianza mwaka 2014. Kwa hiyo ujuzi wa Finland hauko mbali kama ramani inavyoonyesha. Kwa sisi tuliosoma uhamishoni, Kiswahili cha vyuo hivyo hakitupi shida, na hiyo ni mali ambayo watoto wetu waliozaliwa baada ya kurudi wanaanza kuipoteza.

Kwa wafanyabiashara wa mbao, kabla ya kununua lori lenye kreni kwa sababu jirani amenunua, chukua saa na daftari. Andika kwa wiki mbili lori lako linatumia saa ngapi kupakia, saa ngapi njiani, saa ngapi likingoja karatasi mpakani. Kama kupakia ni saa tatu na kungoja ni siku mbili, hakuna kreni duniani itakayokuokoa. Dai lako liko kwenye ofisi za mpakani. Kama kupakia ndiko kunakokula siku, basi piga hesabu, na katika hesabu hiyo weka pia wale vijana wanaokupakilia. Pengine wawili kati yao wanaweza kufundishwa kuiendesha na kuitunza hiyo kreni. Wanayajua magogo kuliko opereta yeyote atakayetoka mjini.

Kwa wanaopanga elimu, funzo la kreni za Sweden ni kwamba chombo kizuri kinamsaidia zaidi aliye nyuma, mradi tu akifikie. Chombo cha kuigizia uendeshaji kinagharimu sehemu ndogo ya bei ya mtambo, hakili dizeli na hakimvunji mtu mguu. Nchi zetu zikishirikiana, kimoja kikiwekwa upande huu wa mpaka na kingine upande ule, vijana wangevuka kwenda kujifunza kama wanavyovuka sasa kwenda sokoni.

Mchagua jembe si mkulima, ni kweli. Lakini hata mkulima hodari, akinyimwa jembe kabisa, atabaki kuwa mtazamaji wa mashamba ya wenzake. Vijana wetu wamekwisha kutazama vya kutosha.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari, aliyesoma uhamishoni nchini Tanzania na kurejea nyumbani Burundi.